Kiraka cha Bi Gundi

Shangazi yangu hamwamini mtu anayebisha hodi mara moja tu. Anasema mwenye nia njema hurudia. Kwa miaka ishirini na sita ameshona vitabu vilivyochanika katika chumba cha nyuma cha maktaba yetu, nami niko mbele, kwenye dawati la kuazimia vitabu. Kila mtu humwita Bi Gundi. Jina halipendi, lakini akiitwa huitika.

Jengo lenyewe lilikuwa mahakama enzi za mababu. Kuta zake ni nene hata mtoto anaweza kulala dirishani, na hupigilii msumari bila kibali cha watu wa majengo ya kale. Mwaka huu kibali cha kupanua maktaba kikaja. Ukuta kati ya chumba cha Shangazi na ukumbi wa zamani utobolewe, vyumba viwe kimoja, watoto wapate pa kusomea. Yeye ahamie chini ya ngazi, wanakokaa mafagio.

Kulikuwa na sharti moja. Ukuta ule una ufa, nyuma ya mashine yake ya kukandamizia vitabu, na fundi mwashi aliagizwa auchunguze miezi mitatu. Ukuta ukiwa umetulia, utatobolewa. Ukiwa bado unasogea, hauguswi, na Shangazi anabaki na chumba chake. Mkuu wa maktaba alitueleza yote hayo kikaoni, ila Shangazi alikuwa ameshatoka, aliposikia tu neno ngazi. Nilipojaribu kumweleza, aliniuliza nimeanza lini kuwa msemaji wao. Nikafyata mdomo, na hilo ni kosa langu.

Jumatatu ya kwanza fundi alibandika ukanda wa karatasi nyembamba juu ya ufa, akaandika tarehe, akaenda zake. Tangu hapo kila Jumatatu alikuja, akainama, akatazama, akaandika kwenye daftari, akatabasamu.

"Umemwona?" Shangazi alinivuta kiwiko. "Anauchekea ukuta. Mtu anayechekea ukuta ana lake jambo."

"Labda ndivyo uso wake ulivyo, Shangazi."

"Hata mwizi ana uso wake."

Akaanza kufunga kabati kwa funguo mbili. Alihesabu sindano asubuhi na jioni. Alitega uzi mlangoni ajue nani ameingia, akasahau, akajikwaa mwenyewe, kisha akamlaumu fundi. Nilicheka, lakini shaka huambukiza. Siku fundi aliponiuliza Shangazi anastaafu lini, nami nilimkazia macho. Yanamhusu nini?

Miezi mitatu ikaisha. Fundi akatoa taarifa kwamba ukuta ni imara, nyundo zije kesho yake. Jioni ile nilikuwa namsaidia Shangazi kufunga vitu kwenye makasha. Akaionyesha ile karatasi kwa kidevu.

"Na gundi yake ni maji matupu. Imechanika mara tatu hii, na mara tatu nimeiziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Niliweka kasha chini. "Umeiziba, Shangazi?"

"Ningeiacha imechanika mbele ya macho yangu?"

Nikamweleza polepole. Karatasi iliwekwa ili ichanike. Ikichanika, ndiyo habari yenyewe kwamba ukuta unasogea.

Alikaa. Alichukua brashi iliyokwisha kusafishwa, akaanza kuifuta tena.

"Kwa hiyo ningeiacha..."

"Ungebaki na chumba chako."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetazama pembeni. Baadaye akauliza, "Hao wa nyundo watasimama wapi?"

"Hapo hapo, chini yake."

Akanituma nimwite mkuu, na fundi pia.

Aliwaambia karatasi imechanika mara tatu, naye ameiziba mara tatu. Hawakumwamini. "Bi Gundi," mkuu alisema, "miezi mitatu unatupinga. Leo, kesho nyundo zinaingia, ndiyo ukuta umekuwa mbovu?" Fundi alimulika karatasi kwa tochi, akaipapasa kwa kidole. "Hii ni nzima, Mama." Ndivyo kazi ya Shangazi ilivyo, kiraka chake hukioni. Nilitamani siku hiyo Shangazi awe fundi mbaya.

Shangazi hakubishana. Alilowesha sifongo, akaibana kwenye karatasi, akasubiri huku amefumba macho. Sijawahi kumwona akifumua kazi yake mwenyewe. Kisha kwa kisu chake butu akainua kiraka cha kwanza. Chini yake palikuwa na tarehe ndogo ya penseli. Ni desturi yake. Kila kiraka hukiandikia tarehe, ili atakayeshona baada yake ajue. Akainua cha pili, tarehe nyingine. Cha tatu. Karatasi ikaachana vipande viwili, na nafasi ya katikati ikameza ukucha wangu.

Fundi alifungua daftari akalinganisha tarehe. Kila wiki ameandika "salama." Alikaa juu ya kasha.

"Kesho ningezika watu wangu," alisema.

Nyundo hazikuja. Mkuu akatangaza kwamba ukuta hauguswi na watoto watatafutiwa upande mwingine wa jengo. Fundi alibandika karatasi mpya, maana bado lazima ijulikane ukuta unakwenda kasi gani. Akalinyanyua kopo la gundi la Shangazi kama anayetaka kuondoka nalo, akalirudisha mezani.

"Nakuamini, Bi Gundi. Na usistaafu mapema, nina kitabu cha marehemu baba kinataka kushonwa."

Alipotoka tu, Shangazi akaninong'oneza, "Mtu anayekuamini ghafla hivyo ana lake jambo."

Wiki ya pili niliingia chumbani kwake kuchukua vitabu. Karatasi ilikuwa imechanika katikati, ncha moja inaning'inia. Kopo la gundi lilikuwa wazi mezani, brashi kavu pembeni. Shangazi alikuwa ameupa ukuta mgongo, ameikalia mikono yake yote miwili.

"Niambie tu," alisema bila kugeuka. "Imechanika sana?"