Vidonge vya Kalafati wa Jibondo

Saa tatu asubuhi, kisiwani Jibondo. Muuguzi Devota anapiga hodi kwa Muhidini, viatu mkononi, sketi imelowa magotini. Ameomba nafasi kwenye boti iliyoleta watalii wa hifadhi ya bahari. Kabla hajakaribishwa, anaiona mikono ya mwenyeji ikitetemeka.

Muhidini ni kalafati. Husindilia pamba baina ya mbao za jahazi kwa patasi na nyundo, maji yasipenye. Leo patasi iko chini, kando ya mfuko wake.

"Sindano sitaki tena, Sista. Heri zile sauti kuliko mkono huu. Jana nimejigonga kidole, mafundi wananiuliza nacheza ngoma gani."

Devota anashusha pumzi. Sindano hiyo ya kila mwezi ni ya zamani, lakini ndiyo iliyopo. Huizuia dopamini, kemikali ya ubongo, na sauti zisizo na mwenyewe, anazozisikia Muhidini peke yake, hutulia. Shida ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa mwili. Ikizuiwa, viungo hukakamaa, mikono hutetemeka, na wengine hata kukaa kitako wakatulia hawawezi. Kwa hiyo Devota humwachia vidonge vidogo vya kupunguza mtetemeko.

"Viko wapi vile vidonge?"

Somoe, mke wa Muhidini, anasokota ncha ya kanga. "Tumegawana, Sista. Jirani yetu Mzee Shamte naye anatetemeka. Na Bi Chiku."

"Bi Chiku anatetemeka nini?"

"Homa."

"Mungu wangu! Na mzee?"

"Tangu avimeze anamwita marehemu kaka yake aje kula."

"Aviache leo hii! Kwa wazee vinavuruga akili. Nitampitia sasa hivi."

"Usinikaripie, dada yangu. Hapa hata maji yanakuja kwa boti, na hatunyimani. Dawa nayo inakuja kwa boti."

Devota anaketi juu ya ndoo. "Miaka yote nafundisha watu kumeza," anasema. "Kufundisha kunyimana sikuwaza."

Kisha anaitazama patasi. "Muhidini, hii unamwazima mtu?"

"Patasi ya kalafati? Haiazimwi hata na ndugu!"

"Basi vidonge hivi vipya vinakaa humo, kwenye mfuko wa patasi."

Somoe anacheka, kisha anajizuia. Muhidini anavitia mfukoni, anageuka na kulegeza msuli wake kiunoni. Devota anamchoma, akiahidi kumwomba daktari wa hospitali ya Kilindoni aangalie kama dozi inaweza kupunguzwa.

Jahazi linashushwa majini mwezi ujao. Devota anataka kuja kuona nani ameshika patasi.

"Na Bi Chiku, Sista?" anauliza Somoe.

"Bi Chiku akapime malaria!"