Mtu Aliyezeeka Upande wa Pili

Baba yangu alikuwa na santuri moja tu ya roki, ya Kiingereza, lugha ambayo hakuijua hata kidogo. Hilo halikumzuia kutufasiria. Alisema nyimbo zote ni hadithi moja: yule kijana wa kwenye jalada, mwenye sanduku mkononi, anaondoka kwao upande wa kwanza, na upande wa pili anazeekea njiani. Ushahidi tuliusikia wenyewe. Kijana alianza kwa sauti kali, lakini kufika wimbo wa mwisho alikuwa mzito, anajikokota.

"Munasikia?" baba alituuliza. "Muzee amechoka. Mumuache apumuzike."

Nilimwonea huruma sana mzee yule, hata nikamwombea.

Kifaa chetu cha kuchezea santuri kilitumia betri, na betri mpya zilikuwa za redio. Waasi walikuwa wanakuja, wanaondoka, wanakuja wengine, na baba hakutaka kupitwa na habari. Betri zilizochoka mama alizianika uani, juu ya jiwe jeusi la volkano, zikapata nguvu kidogo, ndipo tukapewa muziki. Wiki za mapigano, kijana wetu alizeeka hata kabla ya kugeuzwa upande. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili, na darasani nilijiona mwerevu!

Volkano ilipolipuka, moto ulipita mtaani kwetu Mapendo ukala nyumba pamoja na kile kifaa. Baba alitoka na redio, na santuri ndani ya koti. Mama alimsema njia nzima mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwamba mwenye akili angebeba sufuria. Tuliporudi tukahamia mtaa wa Mabanga, santuri ikakaa juu ya kabati bila kuchezwa. Baba alifariki kabla hajaota hata mvi moja.

Mwaka jana macho ya mama yaliingia ukungu. Daktari alisema akipasuliwa ataona, asipopasuliwa giza litamfunika. Bwana mmoja anayekusanya santuri za zamani alikuwa tayari kutupa bei ya kutosha. Mama akaweka sharti.

"Nataka kuisikia kwanza. Bila ivyo, nitabakia na macho yangu ya ivi ivi."

Tukaenda kwa yule bwana, kwenye umeme. Upande wa pili ukachezwa mpaka wimbo wa mwisho, na kijana akaimba vilevile, kwa nguvu zake zote.

"Kumbe hakuzeeka!" nikasema.

"Ilikuwa pile tu, zile betri," mama akajibu. "Papa yako alijua. Mulikuwa munalia muziki ikichoka, njo maana akawapatia muzee."

Machozi yalinitoka mbele ya bwana yule. Namshukuru baba kwa uongo ule, maana katika miaka ya hofu alitupa mtu wa kumhurumia badala ya kujihurumia.

Mama akanyoosha mkono, akapapasa, akaweka kidole ukingoni mwa santuri. Sauti ikashuka, ikawa nzito.

"Mama, utaiharibisha!" bwana akaruka.

"Acha azeeke kidogo," mama akasema. Kisha akaondoa kidole mwenyewe, akamgeukia bwana. "Sasa beba diski yako, papa."

Bandeji zilipotolewa, mama alinitazama muda mrefu, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ee! Weye umeota mvi," akasema, akicheka. "Asante, Mungu."