Michikichi Golini

Baba mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imevimba, aliponiambia mwenyewe: "Mukamwana, leta karatasi nitie kidole. Uwanja ni wenu." Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni amempakata mtoto wetu. Alisikia.

Ile karatasi sikuileta. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa timu ya mpira ya wanawake hapa Gatete, kwa sababu nilifika sekondari, na niliona aibu. Mgonjwa bado anapumua, mukamwana tayari anamshika kidole akipake wino? Nikamwambia, "Baba, kati yetu hakuna karatasi." Huo upumbavu wangu ninautafuna hadi leo.

Ardhi aliyotupa ilikuwa kichaka na mawe. Tulikwenda na majembe, Jumamosi baada ya Jumamosi, watoto mgongoni. Golini maji yalituama, tukabeba mchanga wa ziwani kwa ndoo mpaka shimo likajaa. Mimi ndiye niliyekuwa nadaka. Kila ndoo nilijua nitaiangukia.

Mzee alipozikwa na matanga kuisha, shemeji yangu mkubwa akaja na miche ya michikichi kwenye baiskeli. Akapanda kutoka goli hadi goli. Nahodha wetu alipomuuliza, alicheka tu. "Murakoze, asante sana, mama. Mumenilimia vizuri, na hamukuomba hata pombe."

Tukaenda kwa shefu wa kolini, mkubwa wa kilima chetu. Akauliza, "Karatasi iko wapi?" Wenzangu wakanigeukia. Nilisimama nikaeleza mzee alisema nini, na nani alikuwepo. Shemeji akasema mwanamke wa kuolewa hajui mipaka ya wenyewe. Basi shefu akamuuliza mume wangu. Mume wangu akapangusa vumbi kwenye ndala zake.

"Sikumbuki vizuri," akasema.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema yule ni kaka yake, na mpira ni mchezo. Niliyomjibu siyaandiki hapa, waliyoyasikia majirani yanatosha.

Sasa timu inachezea ufukweni, kwenye mteremko, mpira ukitoka unaingia ziwani. Hawakunifukuza. Waliacha tu kupita kwangu kuniita. Sokoni nahodha ananipa salamu, "amahoro" ile ile anayompa mke wa shemeji yangu. Kwao mimi ni wa ukoo ule. Na ukoo wenyewe unaniita avoka, wakili wa wanawake, kisha wanacheka.

Kupalilia michikichi wamenipa mimi. Naenda na mtoto mgongoni, hakuna mtu mwingine, na upepo ukitoka ziwani nawasikia wenzangu wakigombania penalti. Miche yote imeshika isipokuwa wa golini. Mchanga wetu haukai na maji. Mche umekauka mara mbili. Mume wangu ameleta wa tatu, ameuweka nyuma ya jiko, na kila asubuhi ananiuliza kama nimeupanda.

Namwambia sikumbuki vizuri alisema niupande wapi.