Gurudumu la Gia Saba

Harufu ya grisi iliyochanganyika na kutu bado hunirudisha uani kwetu Malindi, ile ya milimani juu ya Lushoto, mchana ule baba alipoamua baiskeli yake iwe na gia.

Ilikuwa baiskeli ya kawaida, ya gia moja. Kila siku ya soko aliipakia kabichi na karoti akashuka nayo Lushoto, kisha jioni akaisukuma kwa mikono kurudi nyumbani. Mama alizoea kusema, "Mlima huu hauzoeleki." Ndipo baba akapata kwenye mitumba gurudumu la nyuma lenye gia saba.

Gurudumu likakataa kuingia. Habu yake, kile kitovu cha katikati, ilikuwa pana kuliko nafasi ya fremu. Fundi Shabani, jirani yetu, akamwonya.

"Tafuta la gia tano, kaka. Gia zikiongezeka, habu inapanuka, na ringi inasogea kushoto. Ukiivuta irudi katikati, spoku za kulia zinakaza mno, za kushoto zinalegea. Kwa mzigo wako, halidumu."

"Ile gia nyepesi kuliko zote ndiyo ninayoitaka," baba akajibu.

Akaketi chini, akakanyaga upande mmoja wa fremu. Mama akavuta upande wa pili ili nafasi itanuke. "Baba Neema, utaivunja!" mama alisema huku akicheka, jasho likimtiririka. Chuma kikalia, kikaachia, gurudumu likaingia. Baba akashinda hapo na spana yake, akikaza spoku huku, akilegeza kule, mpaka ringi ikazunguka katikati bila kugusa fremu. Mimi nilivimba kichwa. Shuleni nikatangaza kwamba baba yangu anajiandaa kushindana na vijana wa mjini.

Kwa majuma machache alipanda mlima akiwa ameketi juu ya baiskeli. Halafu asubuhi moja, mama nami tukimfuata kwa miguu na vikapu vyetu, tukasikia kishindo kwenye kona ya mteremko. Spoku za kulia zilikuwa zimekatika, ringi imejikunja, na kabichi zinabiringika kuelekea bondeni. Baba alikuwa nyasini, bega limeanza kuvimba. Mama akamshika mkono ili ainuke.

"Niacheni nikae kwanza," akasema.

Bega lilipona. Fundi Shabani akamfungia gurudumu la gia tano, nalo likadumu mpaka baba alipoacha kwenda sokoni.

Siku hizi mimi ndiye ninayepeleka mboga soko lile lile, na magoti yangu yananisimulia kila jioni. Baba hakuwa na mashindano na mtu. Alikuwa amechoka, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Siku ile alipoanguka nilidhani anaugulia maumivu, nikalia. Kumbe alikuwa ameegemea tuta la kando ya njia, macho ameyafumba, anapumua taratibu, na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza kwa nini amekaa.