Bader Alivyoliwa na Mamba Wake Mwenyewe

Bader anauza magodoro na ndoo za plastiki karibu na soko la Bagamoyo, na mteja anayejilaza kujaribu godoro kwa muda wa kutosha hupewa, bila kuomba, kisa cha namna Bader alivyoliwa na mamba. Hakisimulii ili aonewe huruma. "Mimi, ndugu yangu, sikuliwa kwa bahati mbaya," huanza. "Niliponzwa na ujuaji."

Mamba mwenyewe alikuwa wa kadi. Aliletwa na Adila, mdogo wake Khairiya mkewe Bader, aliporudi kutoka Maskati alikokuwa akifanya kazi ya uhasibu. Shemeji yake alikuwa akingoja udi na manukato. Adila akafungua sanduku, akatoa kadi zenye picha za wanyama na majini, kila moja na maandishi madogo chini yake. Wanacheza wawili, kila mtu na pakiti yake na pointi ishirini za uhai. Unashusha wanyama wako mkekani, wanamshambulia mwenzako, naye pointi zikimwishia kashindwa. Bader alicheka akasema huo ni mchezo wa watoto. Haikupita wiki, akawa anafunga duka mapema kila Jumamosi, ati mgongo unamuuma.

Ila alikuwa na tabia moja, na mwenyewe haifichi: husoma nusu ya kwanza ya kadi, ya pili huibuni. Mara ya kwanza alipopata kadi ya kupora, alimchukua simba wa Adila na papo hapo akamwamuru amrukie huyo huyo Adila.

"Taratibu, shemeji," Adila akamwambia. "Simba umempata, ni wako. Lakini mnyama aliyehamia kwako hashambulii mpaka zamu yako nyingine ianze akiwa bado mikononi mwako."

"Kwa nini?"

"Mgeni hapewi jembe siku ya kwanza."

Bader alikubali kwa shingo upande. Zamu ya Adila ilipofika, naye akatoa kadi ya kupora, akamrudisha simba wake. Bader akabaki anatazama mkeka mtupu kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Siku ya mamba, dau lilikuwa pilau. Atakayeshindwa ataipikia nyumba nzima Ijumaa, na hasaidiwi. Sharti hilo aliliweka Khairiya, na alipoliweka alimtazama mumewe, ambaye katika ndoa yao yote aliwahi kuchemsha maji tu, nayo aliyasahau jikoni yakakauka.

Mchezo ulimwendea vizuri. Alimshusha mamba, mnyama mkali kuliko wote, mwenye kasoro moja: kila zamu ya anayemshika inapoanza, humng'ata mshikaji wake huyo pointi nne. Bader alivumilia meno, naye akamtuma mamba kwa Adila, mpaka Adila akabaki na pointi tatu na Bader na nne. Na mkononi alikuwa na kadi waliyoiita Hiba. Hiba inampa mwenzako mnyama wako mmoja, awe wake moja kwa moja, nawe waweza kuitoa wakati wowote, hata kama zamu si yako.

Mtu mwenye akili zake angemtoa mamba palepale, kabla zamu ya Adila haijaanza. Mamba angeamkia kwa Adila, akamng'ata nne kwenye tatu, na pilau ingepikwa na mwingine. Bader aliliona hilo. Lakini jirani yao Muhidini, fundi cherehani, aliyeutangazia mtaa mzima kwamba Bader anachapwa na shemeji yake, ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kwenda kununua kahawa. Ushindi bila Muhidini ungekuwa na ladha gani? Bader akamaliza zamu yake, akatulia, anatabasamu peke yake.

Adila naye akacheza zamu yake, hakumdhuru. Muhidini akaingia na kikombe mkononi.

"Njoo uone!" Bader akamwita. "Zamu yangu inaanza. Mamba anaamka, anataka kung'ata, si ndiyo? Basi, Hiba! Mchukueni!"

Adila akamvuta mamba upande wake kwa adabu zote. "Ahsante, shemeji, nimempokea. Sasa punguza pointi nne."

"Nipunguze mimi? Mamba si wako?"

"Mamba ni wangu, lakini jino limeshakuingia. Uwezo ukishaamka hauangalii tena mnyama kahamia kwa nani. Uliamka akiwa kwako, unakuhusu wewe. Mbuzi wako akila mihogo ya watu asubuhi, ukamgawa adhuhuri, kesi ya mihogo inahama?"

"Haihami," akajibu Muhidini, ambaye hakuulizwa.

Bader akaisoma kadi ya mamba, safari hii mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe amtetee.

"Hiyo Hiba ulikuwa nayo tangu lini?" Khairiya akamuuliza.

"Tangu zamu yangu iliyopita."

"Na mbona hukuitoa ilipoisha?"

Bader akamtazama Muhidini na kikombe chake. "Nilikuwa namngoja huyu."

Khairiya alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Ijumaa Bader aliingia jikoni amevaa aproni ya mkewe, fupi kama bibu ya mtoto. Pilau ilitoka ya tabaka tatu: juu mbichi, katikati uji, chini ukoko mweusi. Adila aliomba ndimu, kisha akaomba mkate. Khairiya alikula ukoko wote, na Bader mpaka leo hajui kama lile lilikuwa penzi au njaa.

Jumamosi iliyofuata alikaa tena mkekani, safari hii na uangalifu wa mtu anayevuka barabara kuu. Kila mara kabla ya kugusa kadi aliuliza: "Shemeji, hapa ni mwisho wa zamu yangu au mwanzo wa yako? Kuna uwezo wowote umeamka?" Alijibiwa, akauliza tena. Jua lilipopungua ukali, Adila alikuwa amelala kwenye mto, kadi zake zimemwangukia kifuani. Bader anauhesabu huo kuwa ushindi. Khairiya anasema hapana, na hapo ndipo wateja wa godoro huombwa waamue.