Mlango wa Pili wa Jiko

Jiko letu hapa Sironga lina milango miwili, na watu huniuliza kama nilichanganyikiwa nikijenga. Sikuchanganyikiwa. Lilikuwa na mmoja tu, kama la kila mtu, mpaka binti yetu aliporudi kutoka Nairobi.

Alikuwa karani katika jengo moja ambalo magaidi walilivamia. Hakuumia popote, kwa hivyo sisi tukadhani yamekwisha. Watu wa kanisa wakaja kumwombea vile huwa tunafanya: nyumba ijae mpaka mlangoni, mtu asijione yuko peke yake. Wimbo wa kwanza haujaisha, binti akatoka nje kupitia dirishani. Mwanamke mzima, na sketi yake ya kanisa. Mama yake alicheka kidogo, halafu akalia.

Kutoka siku hiyo akawa anakula nje kwenye migomba badala ya jikoni nasi, hata mvua ikinyesha. Na mvua ya kwetu ni ya kila mchana, ndiyo inafanya majani chai yetu yawe mazuri, lakini nikianza mambo ya majani chai sitamaliza.

Nikamfuata huko nje na sahani yangu.

“Baba, utalowa.”

“Nimekuwa nikilowa tangu nizaliwe.”

Akacheka. Ndipo akaniambia si yeye tu. Huko mjini gurudumu likipasuka barabarani, watu wanalala chini, hata wenye tai. Wakiingia hoteli wanagombania viti vya ukutani ili waone mlango.

“Hakuna anayelisema, baba. Kila mtu anatafuta tu na macho mahali pa kutokea.”

Hilo nililielewa. Nyumba ya marehemu mama yangu ilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Za zamani zote zilikuwa hivyo. Sisi watu wa mabati ndio tuliacha, tukiokoa mbao.

Nikachukua shoka, nikakata ukuta wa udongo upande wa nyuma. Mke wangu akaja akasimama.

“Mzee, unabomoa jiko langu?”

“Naliongeza.”

“Na upepo?”

“Utapita, uende zake.”

Jioni binti akasimama mlangoni, akatazama ule mwingine. Mbuzi wa jirani alikuwa amesimama pale nje, naye akimtazama. Binti akavuta kigoda, akaketi katikati ya milango yote miwili. Mama yake akamkatia ugali, akamsogezea chinsaga, ile mboga chungu anayoipenda. Mvua ikaingia kutoka nyuma, ikatulowesha miguu. Hakuna aliyeinuka kuziba.