Mkoba Usio na Zipu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Nasema mchana kwa sababu watu wakisikia mambo kama haya hudhani ni ya usiku, ya mtu aliyetoka kilabuni. Mimi sinywi. Ni mwalimu wa darasa la tatu, nakaa Bondeni, na shule yangu iko Busale. Bodaboda hunishusha njia panda, kisha natembea nusu saa katikati ya mashamba ya mpunga.

Mkoba wangu wa zamani ulikatika mkanda, nikaenda dukani kwa Bwana Saidi kutafuta mwingine. Aliniuliza maswali kama daktari.

"Unabeba nini kila siku, mwalimu?"

Madaftari, nikamwambia. Chakula, mwavuli, kanga.

"Unatembea au unapanda pikipiki?"

Vyote viwili. Akanishushia begi jeusi la mgongoni, lenye mikanda mipana na zipu. Lakini mimi nilikuwa nimeshauona mwingine: wa kahawia, wa kuning'iniza begani, mdomo wazi, hauna zipu wala kifungo. Mzuri, niamini.

"Huo wa kwendea harusini," alisema Bwana Saidi. "Wa kila siku lazima ufungwe mdomo, mwanangu. Njiani watu ni wengi."

Nadhani alikuwa akiwazungumzia wezi tu. Nikanunua ule wa kahawia.

Haikupita wiki. Nilikuwa narudi kutoka shule, saa kumi alasiri, watu wanaanua kakao zao. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, umri wa mama yangu, amejifunga vitenge safi. Hakubeba chochote, lakini alikwenda ameinama upande wa kulia kama mtu mwenye ndoo ya maji. Nilipomfikia nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Alitazama mkoba, hakunitazama mimi. "Una nafasi humo?"

"Ipo, mama."

"Basi nibebee mzigo wangu. Bega limenichosha."

Wewe ungesema nini? Mzazi amekuomba, nawe umelelewa kwa adabu. Nikamwambia, "Haya mama, tia."

Akaingiza mkono ndani ya mkoba. Uliingia mtupu, niliuona. Ukatoka mtupu. Lakini mkanda ulinikaza begani mpaka nikayumba, kama nimetupiwa gunia la mpunga uliolowa.

Yule mama akanyooka. Nilisikia mgongo wake ukilia, ta, ta, ta. Machozi yakamtoka.

"Ndaga fijo," alinishukuru. "Ndaga, mwanangu. Na mimi nilitiliwa hivihivi."

"Mama, umetia nini?"

Usidhani alitoweka, afadhali angetoweka. Aliondoka kwa miguu yake, mwepesi kama msichana, nikamwangalia mpaka akaishia kwenye migomba. Nilitaka kumkimbilia. Uzito haukuniruhusu.

Nyumbani nilimwaga kila kitu kitandani. Mume wangu, Ambakisye, akauinua mkoba kwa kidole kimoja. "Mbona mtupu?" akauliza. Kwangu mimi ulikuwa jiwe. Nikauchoma moto nyuma ya jiko, ukaisha wote, na uzito ukabaki begani.

Hospitali walipiga picha, hawakuona kitu. Mchungaji wetu aliniwekea mkono begani ili aniombee, akauondoa haraka, na mpaka leo hajasema kwa nini. Fundi hunishonea magauni bega moja chini, jingine juu.

Hayo nimeyazoea. Lililonifanya niseme ni la mwezi uliopita. Njia ileile, mbele yangu alikuwa Neema, mwalimu mgeni shuleni kwetu, na mkoba wa mdomo wazi. Uzito ukaanza kujigeuzageuza begani kama kitu kilichoamka. Nikasikia sauti yangu mwenyewe:

"Mwalimu Neema, una nafasi humo?"

"Ipo, dada. Nikubebee nini?" Akaupanua kwa mikono miwili.

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia. Vidole vikagusa nguo laini. Nikatazama, nikaona kofia ya mtoto mdogo na chupa ya uji. Sijui nilipata wapi nguvu ya kuutoa.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Nenda zako. Nenda!"

Alikasirika. Hanisalimii tena.

Kwa hiyo mkoba wa kila siku nunua unaofungwa, na uufunge. Ukiombwa msaada njiani, beba kile unachokiona kwa macho yako. Na ukimkuta kwenye barabara ya Busale mwanamke ameinama upande wa kulia, mikono mitupu, akakuita mwanangu au dada, usisimame. Hata akilia. Hata ukitambua kwamba ni mimi. Siku ile niliweza kuutoa mkono, lakini nimechoka, na bega linauma kila siku zaidi ya jana. Nipite.